Wiki Sita Bila Nyama

Mara ya kwanza kuipunguza suruali ya mumewe, fundi aliimba. Aliifumua kiunoni, akakata vidole viwili vya kitambaa, akaishona upya huku anakanyaga cherehani kwa mdundo wa wimbo wake, na kila mteja aliyepita barazani siku ile alionyeshwa kile kipande kilichokatwa.

"Mnakiona hiki? Hiki ni kitambi cha mume wangu. Kimeondoka kwa maharagwe na mboga za majani."

Mteja mmoja mnene aliomba apewe siri yote. Fundi akampa bure, na fundi huyu si mtu wa kutoa vitu bure.

Mara ya pili hakuimba. Mara ya tatu alishona kimya, pini zimejaa mdomoni, kwa sababu suruali ilikuwa inapungua na mume alikuwa anapungua, lakini ile namba waliyotaka ipungue ilikuwa imekaa palepale kama mgeni asiyejua kuaga.

Mumewe alikuwa mwendesha kreni kwenye yadi ya makontena. Wenzake walimwita Twiga, kwa kuwa kwa miaka kumi na minne alikuwa akishinda juu kwenye kile kibanda cha vioo na kuwatazama wote utosini. Mwaka huu, siku ya kupima afya, muuguzi wa kampuni alimfunga mkanda wa presha mkononi, akausoma, akaufungua, akaufunga tena mkono wa pili. Mia moja na themanini. Kanuni ya kampuni ilisema aliyezidi mia na hamsini hapandi.

"Huwezi kuzimia huko juu ukiwa na kontena hewani, watu wako chini," msimamizi alimwambia, na kwa kuwa alisema kweli, Twiga hakuwa hata na mtu wa kumkasirikia.

Akapewa wiki sita. Zikiisha apimwe tena, na namba ikigoma, kreni apewe mwingine moja kwa moja. Wakati huohuo akawekwa getini kugawa kofia za kujikinga kwa wageni, kuzipokea wanapotoka, na kuzifuta jasho kwa kitambaa. Mtu aliyekuwa akiinua tani thelathini kwa kidole sasa anafuta jasho la watu asiowajua.

Daktari wa hospitali alimwandikia vidonge, halafu akaweka kalamu chini. "Vidonge peke yake havitakutosha. Nyama kila siku, mafuta mengi, chumvi, hivyo viache. Kula maharagwe, dengu, mboga, matunda, nafaka isiyokobolewa. Utapungua uzito, mishipa itapata nafuu, na moyo wako utakushukuru."

Fundi alikuwa amekaa pembeni na daftari lake la vipimo vya wateja. Aliyaandika yote. Alipofika nyumbani alichukua kopo la chumvi, akavuka uani, akampa jirani. Kisha akapiga marufuku nyama, na marufuku hiyo haikuwa ya Twiga peke yake.

"Tutakula sote chakula kimoja," alisema. "Sitakuweka kona yako kama mgonjwa wa kuambukiza."

Wiki ya kwanza ilikuwa balaa. Maharagwe yalikuwa na ladha ya maji ya kuoshea vyombo. Twiga alitafuna huku ameukazia macho ukuta, na alipomaliza alisema "asante" kwa sauti ya mtu aliyefiwa. Fundi alijua mumewe hatafika wiki ya pili kwa mwendo huo. Ndipo dukani akaviona vidonge vya mchuzi, vile vya mraba, kila kimoja na karatasi yake ya kumeta. Akageuza pakiti, maana huyu hakati kitambaa kabla ya kupima mara mbili. Maandishi makubwa yalisema: *Ladha ya kuku. Haina nyama.* Alichotaka kujua kilikuwa hicho tu.

Akatia kimoja kwenye sufuria. Kesho yake viwili. Ilipofika wiki ya tatu, Twiga alikuwa anafuta sahani kwa kidole.

"Fundi, haya maharagwe umeyafanya nini?"

"Nimeyapenda tu," alijibu, na kichwa kikamvimba kidogo.

Mama yake Twiga alifika wiki ya nne bila kualikwa, na mfuko mmoja wa nguo.

"Nimesikia mwanangu anakonda," alisema kabla hata ya kuvua viatu.

"Nani amekuambia, mama?" fundi aliuliza.

"Hakuna aliyeniambia. Sauti yake kwenye simu imekonda."

Akamkagua mwanawe mbele na nyuma, akamshika mkanda wa suruali uliotobolewa matundu mapya, akaguna. Jioni chakula kikaandaliwa: wali, maharagwe, mchicha, vipande vya papai. Mama mkwe alionja kijiko kimoja, akakiweka chini.

"Chumvi imezidi, mwanangu."

Fundi akacheka kwa pua. "Mama, nyumba hii haina chumvi. Kopo lenyewe nilimpa jirani."

"Basi labda ulimi wangu umezeeka. Lakini imezidi."

"Twiga, chumvi imezidi?"

Twiga, ambaye kidole chake kilikuwa tayari kwenye sahani, aliwatazama wanawake wawili na kuona hakuna njia ya kutoka hapo salama. "Mimi naona sawa tu," alisema.

"Umesikia, mama?"

Mama mkwe hakubisha. Alikula alichoweza, akanywa maji vikombe vitatu, na fundi alivihesabu vyote vitatu. Baadaye, akiosha vyombo, alikuwa bado anachemka. Mkwe akikuambia chakula chako hakina ladha, utameza. Lakini kukuambia chumvi imezidi ndani ya nyumba isiyo na hata punje ya chumvi, huo ni uchokozi wa wazi, na fundi aliuweka moyoni.

Hata hivyo, haki ya maharagwe lazima isemwe. Twiga aliacha kukoroma. Magoti yake, ambayo zamani yalilia kila alipoinama kufunga viatu, yalinyamaza. Alikuwa akitembea kutoka kituoni hadi nyumbani bila kusimama njiani kujifanya anasalimia watu. Hata mama mkwe mwenyewe, baada ya siku tano, alikiri kwamba tumbo lake lililokuwa likimsumbua miaka mingi sasa linafanya kazi kama saa.

"Ila nyama," alisema, "naikumbuka kama ndugu aliyehama."

Siku moja alasiri wanawake hao wawili walitoka pamoja kwenda kununua mboga. Kwenye kona ya barabara palikuwa na mchoma nyama, na upepo siku hiyo ulikuwa unaleta moshi wote upande wao. Mafuta yalidondoka kwenye makaa, yakalia. Mwendo wa fundi ukapungua, ukapungua zaidi, mpaka akasimama.

"Njaa?" mama mkwe akauliza.

"Hapana mama. Kiatu. Kinanibana."

Mama mkwe aliinama akakitazama kiatu. Kilikuwa ndala.

"Na wewe umekonda, unajua?" alisema.

"Fundi gani mnene, mama? Kutwa nakanyaga."

"Daktari alikukataza na wewe?"

"Nimejikataza mwenyewe. Mimi nikila, yeye atajisikiaje?" Fundi akameza mate na kuanza tena kutembea, haraka kuliko mwanzo. "Atavumilia kwa sababu anaona navumilia."

"Mm," alisema mama mkwe.

Zikiwa zimebaki siku nne, fundi alishindwa kusubiri. Alimburuta Twiga hadi duka la dawa ambako kuna mashine ya presha. Muuza dawa akamfunga mkanda, mashine ikanguruma, namba zikapanda, zikashuka, zikasimama. Mia moja sabini na mbili.

"Imeharibika," fundi alisema.

"Mashine ni mpya, mama," alijibu muuza dawa.

Wakarudi nyumbani Twiga akiwa hatua tano mbele. Hakufungua mdomo mpaka mlango ulipofungwa nyuma yao.

"Wiki tano na zaidi!" alipaza sauti. "Wiki tano natafuna majani! Leo yule niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika kreni amekuja getini. Unajua ameniambia nini? 'Twiga, nipe kofia isiyo na jasho.' Mimi! Na nikamchagulia, Fundi. Nikanusa moja moja nikamchagulia!"

Mama mkwe, aliyekuwa anachambua mchicha jikoni, aliacha kuchambua.

Fundi alipaswa kumhurumia, na sehemu ya moyo wake ilimhurumia kweli. Lakini na yeye alikuwa amechoka. Alikuwa amepika, amepima, amefumua na kushona, ameshinda na njaa isiyo yake, na mwisho wa yote mashine ya dukani inamtolea ulimi.

"Unakula nini kazini?" aliuliza.

"Unasemaje?"

"Nakuuliza wewe. Suruali inashuka, namba haishuki. Kuna kitu unakula."

"Ninakula ndizi unazonifungia! Ndizi na maharagwe yako! Nitapike uone?"

"Basi kuna mtu anakulisha."

Alilisema tu kwa hasira, bila kumlenga mtu. Lakini neno likishatoka hutafuta pa kukaa, na kesho yake, Jumamosi, lilipata. Fundi alikuwa anakusanya mashuka ya kufua. Aliponyanyua mto wa mama mkwe alikuta karatasi yenye mafuta, imekunjwa vizuri pembe nne. Ndani yake palikuwa na kipande cha nyama choma, kimekatwa katikati kwa kisu, nusu haipo.

Aliiweka ile karatasi katikati ya meza, wazi, akakaa kiti cha pembeni, akangoja. Twiga alitoka kazini saa saba mchana. Mama mkwe alitoka uani na beseni mkononi. Wote wawili wakaiona kwa pamoja.

"Hii ni nini, mama?" fundi aliuliza.

"Nyama."

"Macho ninayo. Ya nani?"

"Nilinunua jana pale kona. Nilikula mwenyewe."

"Umekula nusu. Na hii nusu nyingine? Ulikuwa unamwekea nani?"

Mama mkwe akamtazama. Mdomo wake ulifunguka, macho yakamwendea Twiga, yakarudi kwa fundi, na mdomo ukafungika.

"Nimesema nilikula mwenyewe," alirudia, kwa sauti ya chini.

"Fundi, mama hajanipa kitu," Twiga alisema. "Hata kuonja. Naapa."

"Ungesema nini kingine? Si mama yako!" Fundi alikuwa amesimama sasa, futi ya kupimia inamning'inia shingoni. "Mimi najinyima miezi, najikausha, ili kibarua chako kisiote nyasi, na humu ndani mwangu mtu ananificha nyama chini ya mto! Unamuua mwanao kwa mkono wako, mama, halafu unakaa mezani kwangu unaniambia mimi chumvi imezidi!"

Haikuwa miezi, zilikuwa wiki. Lakini hakuna aliyemsahihisha. Alibeba karatasi na nyama yake, akaenda kwenye pipa la taka, akatupa. Mama mkwe aliifuata ile nyama kwa macho mpaka kifuniko kilipofungwa.

Kisha akaingia chumbani akakunja nguo zake. Alizikunja polepole, bila kulia, bila kubamiza kitu. Pale mlangoni alimshika mwanawe shavu, akamwambia ameze vidonge vyake kwa wakati. Kwa fundi alisema tu, "Haya, mwanangu," akatoka. Twiga alimsindikiza hadi stendi na aliporudi hakula. Siku tatu zilizofuata, nyumba ile ilikuwa na watu wawili na maneno yasiyozidi kumi.

Siku ya kupimwa fundi alifunga baraza akaenda naye. Chumba cha muuguzi wa kampuni kilikuwa na kitanda chembamba, mizani, na dirisha linalotazama yadi. Kutoka dirishani kreni ilionekana, na mtu ndani yake.

Muuguzi alipima mkono wa kulia, akapima wa kushoto. "Mia moja sabini na nne," alisema.

Twiga aliinamisha kichwa. Fundi ndiye aliyeruka.

"Haiwezekani, dada! Hakuna nyama nyumbani kwangu. Hakuna samaki. Hata yai hakuna!"

"Sijasema kuna nyama, mama. Hiyo kazi umefanya, na inaonekana." Muuguzi akafungua faili. "Kilo tisa zimeondoka. Mafuta kwenye damu yameshuka vizuri sana. Sukari nayo nzuri. Nina watu hapa wanahangaika mwaka mzima hawafiki nusu ya hapa. Ni presha tu ndiyo inayonishangaza. Chumvi je?"

"Nilitoa kopo zima. Ndani hakuna."

"Chakula unakiunga na nini?"

"Vitunguu, nyanya, mafuta kijiko kimoja. Na vidonge vya mchuzi."

Kalamu ya muuguzi ikasimama. "Vingapi?"

"Vinne," fundi alisema. Akafikiri. "Siku nyingine vitano. Lakini havina nyama, nimesoma! Ninavyo hapa, nilipitia dukani." Akatoa pakiti kwenye mkoba na kuikabidhi kwa kujiamini, kama mtu anayetoa risiti.

Muuguzi hakutazama yale maandishi makubwa. Aligeuza pakiti ubavuni, akaweka ukucha chini ya maandishi madogo kama sisimizi. "Soma hapa. Kinachotajwa kwanza ndicho kilichojaa zaidi."

Fundi anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Anasoma alama ya chaki iliyofutika nusu. Alisoma ubavuni mwa pakiti, akasoma tena, na mara zote mbili neno la kwanza lilikuwa *chumvi*. Uso ukamshuka. Wiki tano, kila siku, kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa ameimimina kwenye sufuria na kuiita mapenzi.

"Maharagwe hayana kosa," muuguzi alisema kwa upole. "Mboga hazina kosa. Endeleeni navyo vyote. Hivi ndivyo vya kuacha."

Fundi alimgeukia mumewe akingoja apige kelele. Angefurahi kama angepiga kelele. Twiga alishusha mkono wa shati taratibu, akafunga kifungo.

"Mama alisema," alisema. "Siku ya kwanza kabisa."

Muuguzi aliandika barua, na msimamizi akaisoma akiwa amesimama. Wiki nne nyingine, alisema, na hizo ni za mwisho, kwa heshima ya miaka kumi na minne na kwa heshima ya zile kilo tisa. Mpaka hapo, kofia. Twiga akarudi getini, akachukua kitambaa chake.

Jioni hiyo fundi alipika maharagwe kwa vitunguu, tangawizi, kitunguu saumu na ndimu. Akaonja. Yalikuwa na ladha ya tangawizi, na nyuma yake pengo kubwa. Twiga alikula yote bila kutazama ukuta, na alipomaliza alisema watazoea. Lilikuwa neno lake refu kuliko yote tangu Jumamosi.

Akatoka kwenda kuoga, na fundi akakaa kwenye kiti cha cherehani na simu mkononi. Alipiga, haikupokelewa. Akapiga tena. Mara ya tatu ikapokelewa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Chumvi ilizidi, mama."

"Nilikuambia."

"Uliniambia. Sikukusikia. Ilikuwa kwenye vile vidonge vya mchuzi, mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa natia."

"Mwanangu anaendeleaje?"

"Bado yuko getini. Wamempa wiki nne."

"Mm."

Fundi alizungusha futi kidoleni, akaifungua, akaizungusha tena. "Na ile nyama, mama. Nimejua hukumpa. Nimejua ulikula mwenyewe kama ulivyosema. Nilikukosea vibaya, na nimekuvunjia heshima mbele ya mwanao. Naomba unisamehe. Lakini ungeniambia tu, mama. Mtu mzima haombi ruhusa ya kula."

"Nilikula nusu," mama mkwe alisema.

"Ndiyo mama, nusu."

"Ile uliyoitupa ilikuwa yako."

Fundi akaacha kuzungusha futi.

"Nilikuwa nangoja Twiga asiwepo, nikuite chumbani ule, ufute mdomo, utoke. Ulipoiweka mezani mbele yake ningesemaje? Ulishamwambia unavumilia pamoja naye. Ningekutia aibu." Mama mkwe alikohoa kidogo. "Kiatu hakikukubana siku ile, mwanangu. Nilikiona."

Fundi aliinamia cherehani, suruali ya mumewe ikiwa imetandazwa mbele yake na pini zake ili ipunguzwe mara ya nne, na kwa mara ya kwanza tangu wiki sita zianze akalia kwa sauti, huku mkwe wake upande wa pili akimngoja amalize.